Nyoka wa Paje: kumuamsha alijua, kumlaza hakujua

Sijui hii yoga ya Paje niipe nyota ngapi. Juzi nilisema moja, jana nikaongeza ya pili, leo nimeamka na hasira upya.

Mie ni mkunga, Mpemba, kazi yangu mjini Unguja. Msimu wa kusi, Paje imejaa wageni, shoga yangu wa hotelini akanipatia nafasi kwenye darasa la siku tatu la yoga ya kundalini. Bei ya wenyeji, laki na nusu. Kwa wasioijua, wanasema kuna nguvu imelala chini ya uti wa mgongo kama nyoka aliyejikunja mara tatu na nusu. Unapumua, unaimba, unabana tumbo, nyoka anapanda chakra (vituo vya nguvu mwilini, kwa imani yao) moja moja mpaka utosini. Akifika huko, umeamka kiroho.

Siku ya kwanza wote wamevaa nyeupe na vilemba. Mie nimeingia na ushungi wangu mweupe wa kazini, mwalimu akanisifu mbele ya watu kwamba nimekuja nimejiandaa. Nimejiandaa! Ushungi nimeanza kuuvaa chuoni, nasoma juzuu.

Siku ya pili ndiyo iliyoniudhi. Pumzi ya moto: unahema kwa pua harakaharaka, tumbo linapiga kama mvukuto wa mhunzi, mikono juu. Mwanzo raha. Baadaye midomo ikafa ganzi, vidole vikaanza kuchoma, kisha viganja vikajikunja kama magando ya kaa na havikunjuki. Najua kilichokuwa kikinipata. Ukihema kasi kupita haja, kabonidayoksaidi inashuka kwenye damu, mishipa ya ubongo inabana, misuli inakaza. Wanawake wangu wa leba huwapata haya, na dawa yake naijua: namshika mkono, namwambia pole mama, toa pumzi taratibu, tutoe pamoja.

Nikamwita mwalimu. Akanitazama pale chini, akatabasamu. "Hakuna matata. Nyoka anaamka." Akarudi kupiga upatu wake.

Mtu akikakamaa vile, bibi yangu angesema kapandisha. Mie si mtu wa mambo hayo, na ustadhi wangu akisoma hapa anisamehe, lakini vilinge nimeviona utotoni. Mganga anakaa na mtu wake. Anamfukiza ubani, anamfunika kanga, anamuuliza shetani jina lake na anachotaka, na haondoki mtu mpaka aliyepanda kateremka. Yule wa Paje kanipandisha, kisha kaniacha juu!

Baadaye nikamfuata kumuuliza. Jibu lake: "Watu wa huku mna hofu nyingi, hofu ndiyo inayowakaza." Pumzi haijatulia, akanitajia kipindi cha peke yangu, dola 80, cha kufungua njia. Hofu yangu ina bei nzuri kumbe.

Usiku nikamtafuta mtandaoni yule mzee mwenye ndevu ambaye picha yake ilikuwa mezani katikati ya maua. Yogi Bhajan, ndiye aliyeipeleka yoga hii Magharibi, aliyekuwa afisa forodha Delhi, akahamia Amerika 1968, mwaka uliofuata akaanzisha jumuiya yake Los Angeles. Alifariki 2004. Mwaka 2020 uchunguzi ulioagizwa na taasisi zake zenyewe ukaona kwamba madai mengi ya wanawake waliosema aliwadhalilisha yaelekea ni ya kweli. Na picha bado inawekewa maua. Nikamsoma pia Gopi Krishna, karani wa serikali kule Jammu, aliyesema nyoka wake aliamka Desemba 1937 bila mwalimu wa kumuongoza, akaumwa miaka, hali akashiba, halali. Huyo angalau hakuwa na mwalimu. Mie nilikuwa naye, nimemlipa, yuko hatua nne.

Siku ya tatu nilirudi kwa sababu hela ilishatoka. Na hapa ndipo naharibu malalamiko yangu mwenyewe. Tuliimba Sa Ta Na Ma, dole gumba likigusa vidole vingine kimoja kimoja, kwa sauti, kisha kwa kunong'ona, kisha kimya, kisha tukarudi tulikotoka. Dakika 11 tu. Vidole vyangu vimezoea kuhesabu tasbihi, havikuona ugeni. Pale kwenye kimya nikamlilia mama, aliyefariki nikiwa zamu ya usiku na ambaye sikuwa nimemlilia sawasawa. Nililia mpaka ushungi ukaloa. Hakuna aliyenigusa, na safari hii sikutaka kuguswa.

Maneno yao nimeyaacha, vidole nimebaki navyo. Saa tisa usiku, wodi ikitulia, nakaa kwenye kiti cha plastiki na kuhesabu Subhanallah kwa mtindo ule. Kwa hiyo laki na nusu imepotea? Siwezi kusema imepotea. Yule mwalimu nimemsamehe? Bado.

Wiki hii katuma ujumbe, darasa la hatua ya pili linakuja. Sijamjibu. Nikienda, nakwenda na dada yangu, akae pembeni na kanga mkononi.