Diski tatu kuwa moja: uzoefu wangu, na jibu la fundi ambalo bado linanichoma

Anayetafuta takwimu za kasi na orodha ya bei atazipata kwingine bila shida. Mimi nimekuja kuandika juu ya sentensi moja niliyoambiwa siku nilipoirudisha kompyuta yangu dukani ikiwa haioni tena diski E, iliyokuwa na kazi yangu ya miezi kadhaa. Fundi aliitazama skrini, akanitazama mimi, akacheka kidogo kwa puani, kisha akasema: "Sasa dada, si wewe uliyetaka diski kubwa? Si ulipewa?" Halafu akaendelea kula mihogo yake.

Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi, na uhariri naufanyia nyumbani, kwenye kompyuta ya mezani iliyokwisha kukarabatiwa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Wakati fulani mwaka jana, msimu wa harusi ulipopamba moto, nilikuwa na SSD tatu, yaani zile diski za kasi zisizo na sahani inayozunguka, za GB 480 kila moja, nilizozinunua kwa nyakati tofauti, kila moja ikiwa na herufi yake na kila moja ikiwa imejaa nusunusu. Anayefanya kazi hii anaijua kero yake: sendofu iko D, ndoa iko F, shughuli ya ukumbini imegawanyika kati ya G na F kwa sababu nafasi iliisha katikati ya keki, na kila ukifungua mradi programu inakuuliza faili limehamia wapi. Nilikwenda kwenye duka moja la Kariakoo, ambalo sitalitaja, nikaomba diski zile ziunganishwe zionekane kama moja. Nilisema hivyo tu, na hakuna aliyeniuliza ninataka kuhifadhi nini ndani yake.

Kazi yenyewe haikuchukua hata nusu saa. Fundi alitumia Storage Spaces, zana iliyokuja na Windows 8 mwaka 2012 na ambayo imeendelea kuwemo katika Windows 10 na 11. Alizifuta diski zote tatu, jambo ambalo kwa kweli alinitahadharisha nalo mapema, nami nilikuwa nimeshahamishia vitu vyangu kwenye diski ya nje ya kuazima. Baada ya hapo akaziweka kwenye fungu moja, na kompyuta ikaonyesha diski E yenye nafasi ya TB 1.3 hivi. Nilirudi nyumbani na furaha kama mtoto siku ya Idi. Harusi nzima, kuanzia sendofu hadi mwisho wa muziki, ilikaa kwenye folda moja, video zilicheza bila kukwama, na kwa kuwa kompyuta ilikuwa ikiandika kwenye diski tatu kwa wakati mmoja, kutoa nakala za kazi kulikuwa kukimalizika kabla chai haijachemka. Diski ya kuazima niliirudisha kwa mwenyewe. Siku hizo, mtu angeniomba nitoe tathmini, ningetoa nyota zote tano na kumwongezea fundi hela ya soda.

Kisha jioni moja umeme ukakatika ukarudi, ukakatika tena ukarudi. Kompyuta ilipowaka, C ilikuwepo na E haikuwepo. Niliingia BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows, nikazikuta diski mbili zikiwa na majina yake, na ya tatu, badala ya jina lililobandikwa mgongoni mwake, ikijitambulisha kwa herufi kubwa: SATAFIRM S11. Nilidhani ni kirusi. Baadaye nilikuja kujua kwamba diski zenye kidhibiti (chipu inayoiendesha diski) cha aina fulani hujiita hivyo programu ya ndani inapoharibika, na kwamba ikifikia hapo, diski inatambulika kwa jina hilo tu, huku vilivyomo ndani havifikiki. Siwezi kuapa kwamba umeme ndio ulioiua, kwa sababu diski za bei nafuu hufa hata pasipo kuguswa, na yangu ilikuwa ya bei nafuu kweli. Ninachojua ni kwamba iliyokufa ilikuwa moja kati ya tatu, nami nikajiliwaza kwamba nimepoteza theluthi moja ya kazi, tena pengine ile theluthi ya harusi za zamani.

Nilikuwa nimepoteza harusi zote, za zamani na za wiki ile.

Aliyenieleza sababu hakuwa yule wa dukani, maana yeye baada ya kumaliza kucheka alisema tu kwamba "hapo hakuna kitu" na kuniuliza kama nitanunua nyingine. Alikuwa mzee mmoja anayetengeneza kompyuta kibarazani kwake, ambaye nilielekezwa kwake na jirani. Mzee huyu alifungua mipangilio ya lile fungu, akatikisa kichwa, akanionyesha kwamba diski E ilikuwa imeundwa kwa aina inayoitwa Simple, ambayo haijazi diski ya kwanza ndipo ihamie ya pili, kama nilivyokuwa nikidhani. Inalikata kila faili vipande vya KB 256, inaweka kimoja diski ya kwanza, kinachofuata ya pili, kinachofuata ya tatu, kisha inarudi ya kwanza, mpaka faili liishe. Video moja ya GB 8 ina vipande zaidi ya elfu thelathini, na theluthi ya vipande hivyo ilikuwa ndani ya ile diski iliyobadili jina. "Mwanangu," aliniambia, "umewahi kukalia mkeka uliosukwa kwa ukindu wa rangi tatu? Chomoa rangi moja, halafu uniambie utakalia nini." Baada ya siku mbili alinirudishia vilivyookolewa: picha ndogondogo za kadi za mwaliko na ankara kadhaa, yaani vitu vyepesi vya kutosha kuenea ndani ya kipande kimoja. Video hazikuwemo.

Kadi za kamera nilikuwa nimeshazifuta na kuzitumia kwenye harusi nyingine, kwa hiyo ilinibidi nimpigie simu shangazi wa bibi harusi mmoja, yeye ndiye aliyekuwa amelipia. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza: "Yaani mwanangu, hata pale bibi alipowaombea dua?" Hata pale, shangazi. Nilirudisha fedha yote.

Sasa narudi kwa fundi wangu, kwa sababu kila ninapofika hapa damu inachemka upya. Nilipozipanga upya mwenyewe zile diski mbili zilizosalia, nilifuata hatua zilezile alizozifuata, na dirisha la kuunda diski lilikuja likiwa limeshachagua aina ya kioo, ambayo huandika nakala mbili za kila kitu kwenye diski tofauti. Ili kupata Simple nililazimika kubadilisha kwa mkono, na papo hapo maandishi ya dirisha yakabadilika yakisema, kwa lugha isiyo na mafumbo, kwamba aina hiyo huandika nakala moja tu ya data na haikulindi diski inapoharibika. Kwa maneno mengine, mtu yule aliletewa chaguo salama, akalikataa, akasomeshwa onyo, akabonyeza kukubali, na hakuona sababu ya kuniita niliyekuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Angeniambia kwamba kwa kioo nitabaki na GB 670 hivi badala ya TB 1.3, ningekubali. Angeniambia kwamba ipo njia ya tatu, inayohitaji angalau diski tatu, ambayo hutoa nafasi ya takriban diski mbili na kuvumilia moja kufa ingawa uandishi wake ni wa polepole, ningeichagua hiyo bila kusitasita. Yeye alitaka niione namba kubwa kwenye skrini, nilipe, niondoke.

Katika usiku ule wa kusomasoma kwa hasira nilikutana na jambo ambalo limenikaa. Hiyo Simple inafanana na kile ambacho wataalamu wanakiita RAID 0, na neno RAID lenyewe limetoka kwenye andiko la mwaka 1988 la David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliopendekeza diski nyingi za bei nafuu zifanye kazi ya diski moja kubwa ya gharama. Waliyataja madaraja kuanzia la 1 hadi la 5, na yote yana akiba ya kukuokoa diski moja ikifa, kwa kuwa walijua vizuri kwamba ukiziunganisha nyingi pasipo akiba, unaongeza tu idadi ya vitu vinavyoweza kukuangusha. Sifuri haimo, iliongezwa baadaye. Wenye wazo lao waliliona tatizo hili miaka mingi kabla fundi wangu hajashika bisibisi, na mimi nikauziwa hiyohiyo sifuri.

Nikitulia kidogo, naona kwamba programu haina kosa: ilifanya ilichoambiwa, na ilionya. Nikitulia zaidi, ambalo ni nadra, naona kwamba na mimi nina langu. Niliirudisha diski ya kuazima bila kununua yangu, nikafuta kadi za kamera kabla ya kukabidhi kazi, na mtu mwenye biashara ya kuwatunzia wengine kumbukumbu hapaswi kuwa na nakala moja ya kitu chochote. Hilo nalikubali. Sikubali kuambiwa hivyo na mtu mwenye mhogo mdomoni.

Kwa hiyo nisemeje, ifanyeni au msiifanye? Mwanzoni nilitaka kuandika kwamba kuunganisha diski nyumbani ni ujinga mtupu, na kwa Simple bado nasema hivyo kwa yeyote ambaye ndani yake anaweka kitu kisichopatikana tena. Lakini ukweli ni kwamba haya yote nayaandika kwenye kompyuta ileile, yenye diski E ileile, ila safari hii ni SSD mbili zilizobaki zikiwa kwenye kioo, na naipenda kuliko ninavyotaka kukiri. Ni kama doti ya khanga: vipande viwili, mji mmoja, jina moja, na kimoja kikiungua pasi, kingine unajifunga. Niliijaribu kwa kuzima kompyuta na kuchomoa waya wa diski moja, nikaiwasha, na E ikafunguka kama kawaida huku Windows ikinilalamikia pembeni. Nilikaa nikiitazama kwa muda mrefu. Nafasi ni ndogo, chini kidogo ya GB 450, kwa hiyo harusi iliyokwisha inahamia kwenye diski ya nje, ambayo safari hii ni yangu, kwa kuwa kioo hakimsaidii mtu aliyefuta folda kwa mkono wake mwenyewe: inafutika kote kuwili kwa mpigo.

Ile SATAFIRM ninayo kwenye droo, ndani ya bahasha ya kaki. Na wiki hii, nikiwa nimekwisha kuandika nusu ya maneno haya, uliingia ujumbe kutoka kwa fundi wa Kariakoo, bila salamu na bila pole: "Dada zimeingia SSD za tera moja, bei poa, zikiwa mbili nakuunganishia bure." Niliusoma mara tatu, nikasonya, nikaiweka simu chini. Kisha nikaichukua nikamwandikia kwamba kuunganisha nitaunganisha mwenyewe, aniambie bei.