Mchanganyiko wa wanakondoo, duka la Konde: mzuri, ila uwape jioni

Wafugaji wenzangu wa kaskazini Pemba, duka la vyakula vya mifugo hapo Konde wanauza mchanganyiko wa pumba za mpunga na mashudu ya nazi. Nawapa wanakondoo wangu tangu kaskazi lilipokausha majani ya maweni huku Micheweni, na nasema wazi: nunueni. Lakini angalieni saa ya kuwapa.

Mwanakondoo aliyejazwa pumba asubuhi, malishoni hachungi. Atasimama kivulini, anuse majani, ang'ate ncha mbili tatu, kisha shingo inageukia njia ya bandani. Wala si shibe peke yake. Wanga mwingi kwa mara moja hutia tindikali tumbo la kucheulia, na vijidudu vinavyovunja majani magumu hudhoofika. Hapo umelipia chakula na majani ya bure umeyapoteza. Mimi huwapimia jioni wakisharudi, gramu 100 hivi kila mmoja, na mchana wanachunga vizuri kabisa. Hata majani makavu wanayala, kwa sababu protini ya mashudu ndiyo inayovipa vijidudu vile nguvu ya kuyavunja.

Mama zao hawapati. Nimezungushia fito kona moja ya banda nikaacha upenyo wa kupita mtoto tu. Wakifika wiki ya tatu huanza kuingia, wanaramba, wanatoka na pua nyeupe kwa unga, na mama nje analia. Dume langu la mwaka huu limefikisha kilo 13 kwa miezi mitatu. La uzao uliopita, mama yule yule, umri huo halikufika 10. Maziwa nayo yamechangia, maana mama alikula majani mazuri ya vuli.

Kijana anayeuza ana adabu na kazi anaijua. Kuna mama alitaka kuchanganyia kondoo wake chakula cha kuku, akamwambia, "Bi mkubwa, hicho usiwape, kina madini ya shaba, kitawaua." Ni kweli: shaba hujikusanya kwenye ini la kondoo, na mnyama huyu haistahimili kama kuku. Pia anatia chokaa kidogo, jambo zuri sana, kwani pumba zina fosforasi nyingi, na isiposawazishwa kwa chokaa madume huziba mkojo kwa vijiwe.

Kasoro ipo kwenye magunia. Mengine yana makapi matupu chini. Tia mkono mpaka ndani, ufinye: pumba nzuri inashikana na inanukia mchele. Ikinuka mafuta yaliyochacha, iache hapo hapo, haifai tena.

Na duka nawaomba wauze kwa pishi pia. Mwenye wanakondoo wawili akinunua gunia zima, nusu litamchachia kabla hawajalimaliza.