Betri mpya, na bado haichaji: uzoefu wangu na kaunta ya matengenezo

Nianze na kijana wa kaunta, maana ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Laptopu yenyewe sina ugomvi nayo. Au tuseme ugomvi wangu nayo ni mdogo, nitaufikia.

Tatizo lilianza ghafla, kama miezi michache nyuma. Chaja imechomekwa, taa yake inawaka, mashine inafanya kazi, lakini ukisogeza kishale kwenye alama ya betri unasoma: imechomekwa, haichaji. Asilimia sita. Ukichomoa waya tu, giza. Tena ikawa nzito ajabu. Unafungua ukurasa mmoja wa intaneti, unaenda kuoga, unarudi bado unazunguka.

Yale ya kawaida niliyafanya yote. Nilizima, nikachomoa chaja, nikabonyeza kitufe cha kuwashia kama nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe. Nikabadilisha soketi ya ukutani. Nikasafisha vumbi kwenye tundu la chaja. Wapi! Na kila nikiwasha, kabla Windows haijaingia, lilikuwa linatokea tangazo kwenye kioo cheusi: aina na nguvu ya adapta, yaani chaja, haikutambulika.

Nikaenda nayo kwenye huduma ya matengenezo. Nikamweleza yule kijana kila kitu, na tangazo nikalitaja mara mbili. Macho yake yako kwenye simu. Sijafungua hata zipu ya begi, hukumu ikatoka: "Dada yangu, betri hiyo imekwisha. Tukubadilishie?"

Nikamwambia, kaka, ngoja niiwashe usome haya maandishi. "Hayo yanatokea tu betri ikifa." Nikamuuliza mbona chaja hujaigusa. Akacheka, ile ya puani. "Chaja si inawaka taa?"

Taa! Taa ya chaja inakuambia kwamba umeme umefika kwenye chaja. Basi. Haikuambii kama kilichotoka upande wa pili kimekamilika. Chaja ya aina ya hii yangu, yenye kichwa cha duara, ina pini nyembamba katikati. Pini hiyo haiendeshi mashine. Kazi yake ni kuitambulisha chaja: mimi ni wati 65, mimi ni wati 90. Ikipinda, au uzi wake ukikatika ndani ya waya pale shingoni unapokunjwa kila siku, laptopu inapata umeme lakini haijui chaja iliyopo ina uwezo gani. Kwa tahadhari inakataa kuchaji betri, na prosesa, ule ubongo wa mashine, nayo inapunguziwa kasi ili isivute kuliko chaja inavyomudu. Ndiyo maana mashine ilikuwa inajikokota. Dalili zote tatu zilikuwa mezani kwake: tangazo, uzito, kutochaji. Mtu anayeshika laptopu za watu kutwa nzima hakuona haja ya kuchukua chaja nyingine kutoka kabatini na kuichomeka. Jaribio la sekunde kumi!

Wakabadilisha betri. Ile mpya ilikuja na chaji yake kidogo, jioni hiyohiyo ikaisha, ikagoma kupanda. Nikarudi. Unadhani alishtuka? "Kumbe ni mazabodi basi." Yaani ile bodi kuu ya ndani. Kwa sauti ileile, na simu ileile mkononi. Bei aliyoitaja, ukiongeza kidogo unanunua mashine nyingine.

Aliyeniokoa ni mwenzangu wa kazini mwenye laptopu ya kampuni hiyohiyo. Nikamwomba chaja yake, wati zilezile. Nikachomeka. Tangazo halikutokea, na betri ikaanza kupanda papo hapo. Nilitamani kulia na kutukana kwa wakati mmoja.

Usiku ule nikafungua dirisha la amri la Windows nikaandika powercfg /batteryreport. Inakutengenezea ripoti inayoonyesha uwezo wa betri ilivyotoka kiwandani na uwezo inaoubeba sasa, na chini kuna historia ya wiki zilizopita. Kwa hiyo betri yangu ya zamani ilikuwa bado imo humo. Kiwandani ilikuwa zaidi kidogo ya mWh 42,000 (miliwati-saa, kipimo cha nishati inayobebwa na betri); wiki ya mwisho kabla hawajaitoa ilikuwa inabeba 36,000 na ushei. Hiyo ndiyo maiti waliyoizika.

Haki itendeke: betri zinakufa kweli. Za lithiamu zinachoshwa na joto, na kukaa kwenye asilimia mia muda wote nako kunazizeesha. Ndiyo sababu laptopu nyingi siku hizi zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye 80. Na ukiona ile padi ya kugusa ya kuongozea kishale imeinuka, betri imevimba, usiichaji tena. Na ninyi mnaochajia waya wa USB-C msijione mmepona. Waya usio na chipu ya kujitambulisha unaishia ampea 3, yaani wati 60 kwenye volti 20. Mashine inayotaka wati 100 itachaji kwa kusuasua, au asilimia zitashuka huku imechomekwa, kisha aje mtu akuambie betri imekwisha.

Na kazi ya mikono waliifanya vizuri, siwezi kukataa. Kifuniko kilirudi bila mkwaruzo, hakuna skrubu iliyopotea. Hapo nilikuwa tayari kuwasamehe nusu.

Mpaka niliporudi kuomba betri yao waichukue, nirudishiwe pesa. "Betri ikishafungwa hairudi." Nikamwambia aliyesema ya kwanza imekufa si mimi. Akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu tujuane akainua macho kutoka kwenye simu, akasema: "Sasa si umepata betri mpya? Ushukuru."

Nishukuru!

Na kampuni iliyotengeneza mashine nayo isijifiche. Kama laptopu inajua kabisa kwamba haiitambui chaja, inashindwaje kuandika "jaribu chaja nyingine"? Inakuachia sentensi moja ya kiufundi, wewe na wa kaunta mmalizane.

Laptopu naipa nyota nne. Hapana, tatu, kwa sababu ya lile tangazo. Huduma ya matengenezo nilikuwa nimepanga kuipa mbili kwa heshima ya skrubu, ila nilipofika kwenye neno "ushukuru" nikafuta moja. Chaja mpya, ya wati zilezile na pini iliyonyooka, nimeshanunua kwingine.