Mafunzo ya Jioni Majengo: Kusema na Wakubwa bila Kutetemeka

Kwa miaka mingi nilikuwa nikiingia ofisini nikiwa nimekwisha kuomba radhi moyoni kabla sijaulizwa neno, na ndiyo sababu nilijiandikisha katika mafunzo haya hapa Mombasa. Mwalimu alitusomesha Ibara ya 47 ya Katiba ya mwaka 2010, inayompa mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi, kisha akatufanyisha mazoezi ya kuuliza kwa adabu, shikamoo ikiwa mahali pake, pasipo kuinamisha macho. Chumba kina joto kali. Somo la kujipangia malengo, kwa maoni yangu, lilipitiwa haraka mno. Wiki iliyopita nilimwomba afisa sababu za ombi langu kukataliwa, naye akaziandika.