Heroes 3: gemu tamu, ila huu mchezo wa kupiga na kukimbia umenichosha

Naandika damu bado inachemka. Kama unataka kuanza Heroes of Might and Magic III na mtu mnayekaa nyumba moja, wekeni sheria kabla hamjawasha kompyuta, la sivyo mtanuniana kama mimi na shemeji yangu. Gemu ni ya 1999, ya zamu, unajenga mji, unakusanya jeshi na shujaa analiongoza vitani; sifa zake zimejaa kila mahali, sirudii. Mimi nina neno moja tu, kuhusu mashujaa wa uchawi wanaopiga na kukimbia.

Tunacheza kompyuta moja, tunapishana kwenye kiti. Mimi nina Castle, mji wa mashujaa wa kibinadamu, kila wiki mpya ya gemu ikianza nanunua askari mpaka hazina inakauka, nina wapiga mishale wa kutosha, grifini, watawa, na wale wapanda farasi walioshaboreshwa, bado malaika tu hela haijafika. Nimeshasogea karibu na mji wake. Akatoka na Solmyr. Anayecheza anamjua, yule shujaa jini wa Tower, mji wa wachawi, anayeanza na Chain Lightning, uchawi wa radi inayoruka, tayari kitabuni. Jeshi lake sasa, kiumbe kimoja! Jini mmoja tu aliyeboreshwa, ila mwenye spidi kuliko askari wangu wote, na shujaa anarusha uchawi zamu ya kikosi chake ikifika, kwa hiyo yule jini kazi yake ilikuwa kumpa bosi nafasi ya kuanza. Radi ikatua kwa wapanda farasi, ikaruka kwa watawa, ikaruka kwa wapiga mishale, kila ikiruka inapungua nusu lakini ile ya kwanza ilinimaliza. Sijagusa hata mausi, jamaa kabonyeza kitufe cha kukimbia.

Kapoteza nini? Jini mmoja. Ukikimbia unaacha askari, shujaa anabaki na levo zake na vifaa vyake vyote, anakusubiri kwenye baa ya mji, pale wanapoajiriwa mashujaa, umlipie dhahabu 2500 basi. Akilala kwenye mji wenye chuo cha uchawi, asubuhi mana, yaani nguvu ya kurusha uchawi, imejaa, anakuja tena. Na akaja tena, na tena, jeshi nililolijenga jioni nzima linaisha bila kurusha hata mshale mmoja. Nikamwambia shem, hii siyo vita. Hakunitazama hata, vidole vina mafuta ya karanga, mausi yangu hiyo hiyo, ananijibu "kitufe si kipo?"

Sasa msinielewe vibaya, sichukii mashujaa wenye nguvu. Mtu wa Necropolis, mji wa wafu, akizidisha askari wa mifupa kila vita nitamheshimu, kapigana akaipata. Dragoni weusi na uchawi wa Armageddon pia sina shida nayo, wao uchawi hauwagusi, uwanja mzima unaungua wanabaki wao, lakini kuwafikia hao dragoni umetumia mali na umejenga. Kinachoniuma ni bei. 2500 ni hela gani wakati Capitol, jengo la mapato la mji, peke yake inaingiza 4000 kwa siku? Yaani ananimaliza kila siku na chenji inabaki.

Kuna watakaosema dawa ipo. Ndiyo ipo, Shackles of War ukivaa hakuna anayekimbia, Orb of Inhibition inazima uchawi wote vitani, lakini hivyo ni vitu vya kuokota kwenye ramani, ramani isipokupa utafanyaje? Ndiyo maana mashindano mengi watu wanakataza hii tabia kabisa, na wako sahihi.

Nilianza nikitaka kuwaambia msiiguse. Siwezi, nitakuwa nadanganya, kwa gemu za zamu sijaona inayonishika hivi, unasema siku moja tu nimalize ile migodi unashtukia adhana ya alfajiri. Nyota tano kabisa ukicheza peke yako. Ukicheza na watu, nne... hapana, nikikumbuka wale wapanda farasi walivyolala chini kabla sijapata zamu hata moja, mbili, na hizo mbili ni kwa ajili ya muziki. Shemeji nimeshamwambia, shujaa akikimbia harudishwi baa mpaka wiki mpya ianze, hataki basi, kompyuta yangu haigusi.