Huduma ya kupima kumbukumbu za watoto, Malindi: upimaji mzuri, ripoti yenye kasoro

Ofisi hii ndogo, iliyo karibu na Barabara ya Lamu hapa Malindi, huwapima watoto wa chekechea na wa madarasa ya mwanzo ili kujua uwezo wao wa kukumbuka na wepesi wao wa kuacha kanuni moja na kufuata nyingine. Nilimpeleka mpwa wangu wa miaka saba, ambaye mwalimu wake alilalamika kwamba husahau maagizo, na kwa ruhusa ya mpimaji nilikaa pembeni nikatazama mwanzo hadi mwisho.

Kabla ya jaribio lolote, mpimaji aliuliza kama mtoto anasikia na kuona vyema, anazungumza lugha gani nyumbani, na kama aliwahi kuugua malaria kali iliyoambatana na degedege. Swali hilo la mwisho lilinipa imani, kwa kuwa utafiti uliofanywa katika kaunti yetu hii, kwenye kituo cha KEMRI (taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba) na Wellcome Trust (shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya) kilichoanzishwa Kilifi mwaka 1989, umeonyesha kwamba malaria inayofika ubongoni inaweza kumwachia mtoto udhaifu wa kumbukumbu hata baada ya kupona.

Jaribio la kadi ndilo lililofanywa kwa ustadi mkubwa. Utaratibu wake, uliochapishwa na mwanasaikolojia Philip David Zelazo mwaka 2006, ni huu: mbele ya mtoto huwekwa visanduku viwili, kimoja chenye picha ya sungura wa buluu na kingine ya mashua nyekundu, naye hupewa kadi za sungura wekundu na mashua za buluu azipange kwanza kwa rangi, kisha kwa umbo. Aghalabu mtoto wa miaka mitatu hung'ang'ania rangi ingawa ukimuuliza kanuni mpya huitaja sawasawa, ilhali wengi wa miaka mitano hubadilika bila taabu. Mpwa wangu, kwa umri wake, aliongezewa sehemu ngumu zaidi, ambamo kadi yenye mpaka mweusi hupangwa kwa rangi na isiyo na mpaka hupangwa kwa umbo. Nilimwona akisimamisha mkono juu ya kisanduku, akairudisha kadi kifuani, akanong'ona "haina mpaka", kisha akaitia panapostahili. Mpimaji hakumharakisha, wala hakumwambia kama amepata au amekosa. Alirudia tu kanuni kwa Kiswahili chetu cha pwani na kumpa kadi iliyofuata.

Kumbukumbu ilipimwa kwa kugusa vipande tisa vya mbao kwa mfuatano aliouonyesha mpimaji, jambo lisilotegemea lugha, na kwa kurudia tarakimu alizosomewa kwa Kiswahili. Hapa ndipo penye dosari, kwa maana matokeo ya tarakimu yalilinganishwa na jedwali la alama za kawaida za watoto wa Marekani. Tarakimu za Kiingereza karibu zote ni za silabi moja, na zetu kuanzia moja hadi tisa ni za silabi mbili. Tena tangu utafiti wa mwanasaikolojia Alan Baddeley na wenzake wa mwaka 1975 inajulikana kwamba maneno yanayochukua muda mrefu kutamkwa hukumbukwa machache zaidi. Kumwandikia mtoto wa Malindi kuwa yuko "chini ya wastani" kwa jedwali hilo ni kumwonea, na maneno kama hayo yakishaingia faili la shule hayatoki kwa urahisi.

Nilipomweleza, mpimaji alinisikiliza kwa adabu, akakubali kuandika upya ripoti ikionyesha tarakimu ngapi mtoto alirudia kama alivyosomewa na ngapi alirudia kinyumenyume. Tofauti hiyo ina faida kwa mwalimu, kwani kurudia kinyume humtaka mtoto ashike jambo akilini huku akilifanyia kazi, sawa na anapopewa maagizo mawili kwa pamoja.

Ada ni ya wastani. Ninaipendekeza huduma hii, ila mzazi aombe nafasi ya asubuhi wakati wa likizo, maana sisi tulipangiwa alasiri, mtoto akiwa ametoka shule na chuo cha Kurani na tuktuk zikinguruma dirishani, na aulize mapema matokeo yatalinganishwa na watoto wa wapi.