Lenzi ya mkononi ya mara 10 kwa kutazama likeni za miambani

Lenzi hii nimeitumia kuchunguza Rhizocarpon geographicum, likeni (kuvu na mwani vinavyoishi pamoja kama kiumbe kimoja) iliyogandamana na miamba ya matale (graniti) ya milima ya Cairngorms, Scotland, na nimeridhika nayo sana. Kwa macho matupu huonekana madoa ya manjano-kijani tu. Ukiishika lenzi karibu kabisa na jicho, hudhihirika vigae vidogo vilivyotenganishwa na nyufa, vidoa vyeusi vinavyotoa chembe za uzazi za kuvu, na ukingo mweusi unaozigawa likeni jirani kama mipaka ya ramani. Kasoro yake ni kukosa kamba ya shingoni. Kwa kuwa likeni hii hukua chini ya milimita 1 kwa mwaka, itazameni palepale mwambani, bila kuibandua wala kuimwagia kemikali yoyote.